Kocha mpya Tabora: tumpe mechi ngapi?

Kocha mpya wa timu ya soka ya TRA United akishuka Tabora, vijiwe hugawanyika kabla hajapuliza hata filimbi ya mazoezi. Kuna wanaotaka pointi tatu wikiendi hiihii, na kuna wanaosema aachwe ajenge timu.

Wenye haraka wana hoja nzito. Msimu wa 2024/25 Tabora United, ambayo sasa ni TRA United, iliachana na Mkenya Francis Kimanzi, akaja Mkongomani Anicet Kiazayidi. Novemba 7, 2024, Nyuki, kama timu hiyo inavyoitwa kwa utani, wakaifuata Yanga Azam Complex na kuichapa 3-1. Kiazayidi hakuwa amesajili mtu. Walikuwa vijana walewale wa Kimanzi, ila sasa wanakaba kwa pamoja na kutoka kwa kasi. Ukimwambia shabiki aliyeiona mechi ile kwamba kocha anahitaji misimu miwili, atakucheka.

Lakini tuitazame Yanga yenyewe. Siku chache baada ya kipigo hicho ikamtimua Miguel Gamondi na kumleta Sead Ramović, aliyeanza Ligi ya Mabingwa kwa kufungwa 2-0 na Al Hilal, kisha 2-0 na MC Alger. Februari naye akaondoka, akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja, na ubingwa ukabaki Jangwani, nyumbani kwa Yanga. Ukiniuliza nani aliubeba, nitakutajia kikosi.

Kuna jambo jingine tunalolisahau: kocha hufukuzwa timu ikiwa imeshafika chini kabisa. Kutoka hapo, mara nyingi matokeo yangepanda tu. Mtafiti Bas ter Weel alichunguza ligi ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004, akakuta timu zilizobadili makocha ziliinuka, lakini zilizokuwa na hali mbaya kama hiyo na zikawavumilia makocha wao ziliinuka vilevile.

Tena yapo mambo ambayo kocha hayawezi. Agosti 2023 timu hii, ikitoka kuitwa Kitayosce, ilianza Ligi Kuu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji 8 tu kwa sababu ya matatizo ya usajili. Mechi ikavunjika mapema ikiwa 4-0, baada ya waliobaki kupungua chini ya 7. Hata ungemleta kocha bora duniani siku ile, angefanya nini? Lile lilikuwa kosa la ofisini.

Kwa hiyo mimi niko katikati, ila nimeegemea kwa wavumilivu. Ninachokitarajia haraka ni ukabaji: mabeki kujua nani anamfuata nani, viungo kurudi kusaidia, nidhamu kwenye kona. Hayo hufundishwa kwa wiki tatu. Pia nategemea jina moja au mawili makubwa yaende benchi, na hapo ndipo utajua kama uongozi uko naye kweli au ulimwita kupoza mashabiki. Mabao ni suala jingine. Mshambuliaji asiyelenga goli halengi kwa kubadilishiwa kocha, hivyo tusubiri dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu.

Nampa mechi sita. Nitakapokaa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi sitaanza na ubao wa matokeo. Nitamtazama beki wa kushoto pale timu inapopoteza mpira: anakimbia kurudi, au amesimama kunyoosha mkono akimlaumu mwenzake?