Usiku niliopika nyuzi za besi

Kwanza nimuombe radhi mama mwenye nyumba wangu, japo najua huku mtandaoni hayupo, na akiwepo ataniongezea kodi.

Mimi napiga gitaa la besi kwenye kwaya hapa Mwanza, nakaa Mabatini kule juu kwenye mawe, chumba kimoja, uani tunachangia wapangaji saba. Kama hupigi besi ngoja nikuweke sawa kidogo, maana bila hii hutoelewa nilifikaje kwenye kesi ya uchawi. Besi ina nyuzi nne, E A D G, E ndo nene kuliko zote, na ugomvi mkubwa wa wapiga besi ni ufunge nyuzi gani. Kuna raundi, zimezungushiwa waya wa mviringo, ukipitisha kucha zinalia krrrr kama zipu ya begi. Alafu kuna flati, hizo zimezungushiwa utepe bapa, laini, sauti yake nzito ya kukaa chini. Raundi mpya zinalia mpaka unadhani kuna mtu anapiga piano ya chini, ndo maana John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, mwaka 1966 alikaa na watu wa Rotosound, watengeneza nyuzi wa kule Uingereza, mpaka wakamtolea seti inayolia anavyotaka yeye. Mimi nilikuwa mtu wa Rotosound damu damu. Kuna mzee wetu kwaya, zamani alipiga bendi za dansi, kila siku ananiambia kijana funga flati utulie, namjibu mzee wangu flati ni za wastaafu. Anacheka tu, anameza mate.

Shida ya raundi ni ile mikunjo, inatunza jasho na mafuta kama benki. Na mimi kabla ya mazoezi lazima nipitie Kirumba kula sato wa kukaanga, kwa mkono, nanawa ndio lakini kunawa kwenyewe unakujua, maji ya baridi, sabuni imeisha tangu asubuhi. Wiki tatu tu nyuzi zimekufa, ukipiga ni kama unapiga kamba ya kuanikia nguo. Seti mpya 80,000, mfukoni nina nauli, na jumamosi tuna harusi.

Sasa kuna ujanja wa wapiga besi wasio na hela, tena ni wa kweli kabisa, unavua nyuzi unazichemsha dakika kama kumi, mafuta na uchafu vinatoka, unazikausha vizuri zisishike kutu, zinarudi kulia kwa siku kadhaa. Nikasema ndo hapo hapo. Ijumaa saa tano usiku watu wamelala, nikawasha jiko la mkaa uani. Sufuria langu ni la kuchemshia mayai mawili, nyuzi hata zikunje vipi hazienei, na pale ukutani limeegeshwa sufuria la mama mwenye nyumba, lile kubwa la ugali wa wageni. Nikaliazima. Yaani nililiazima kimoyomoyo.

Nikazikunja nyuzi duara duara, maji, siki kidogo, mfuniko. Na hapo umeme ukakatika.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya yule mama. Unatoka kwenda chooni usiku, giza totoro, unamkuta mpangaji wako kifua wazi, kachuchumaa mbele ya moto, anakoroga sufuria lako na mwiko huku kafumba macho ananguruma du-du-dum, du-du-dum. Mimi nilikuwa najikumbusha tu wimbo wa kuingilia maharusi! Akasogea taratibu, nikashtukia taa ya simu iko juu ya sufuria. Humo ndani vitu vinne vimejikunja vinatokota, na Rotosound bwana, mwishoni mwa nyuzi wamezungushia uzi mwekundu. Mwekundu! Usukumani! Saa tano usiku!

Kelele aliyopiga nadhani hata Bugando waliisikia. Ndani ya dakika moja wapangaji wote nje, mmoja na jiwe, mmoja na ufagio sijui alitaka kunifagia, dogo wa bodaboda kavaa helmeti na bukta tu.

"Ng'wanawane, unampikia nani hii?"

"Mama hizi ni nyuzi za gitaa."

"Nyuzi za gitaa zinapikwa?"

Jamani. Lile swali hata leo sina jibu lake zuri.

Wakasema lete hilo gitaa tulione. Nikaleta, nikazifuta nyuzi na taulo, nikaanza kufunga zikiwa za moto, nafunga napuliza vidole, wamenizunguka na taa za simu kama nafanyiwa opresheni. Nikamaliza, nikapiga E kwa nguvu zote. Tik. Besi ya umeme bila spika inanong'ona tu, na umeme ndo huo umeenda. Mama akarudi nyuma hatua mbili. "Mnaona? Gitaa bubu."

Hapo jasho likanitoka la kweli. Nikakumbuka kitu, besi ukiegemeza kichwa chake kwenye mbao, mbao inaanza kulia. Mlango wa karibu ulikuwa wa kwake, mninga mzito. Nikabana kichwa cha besi pale, nikapiga E. Mlango ukanguruma duuuuuum, kuku wakaruka, na ndani sauti ya mzee mwenye nyumba, aliyelala muda wote huo, ikajibu: "Karibuuu!"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, hadi mama. Nikahukumiwa kupiga mlango mpaka saa saba, dogo wa bodaboda anaagiza nyimbo kama yuko baa. Na nyuzi zililia aisee, kama nimezitoa kwenye pakiti leo.

Harusi ikapita vizuri, siku ya nane zikafa tena. Na mama akagoma kupikia lile sufuria, nikanunua jipya 30,000, piga hesabu mwenyewe.

Nikaenda kwa mzee wa kwaya na mkia wangu katikati ya miguu. Ndo akanipa habari za marehemu James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Detroit, alikuwa anapiga kwa kidole kimoja, kafunga flati za La Bella, na habadilishi uzi mpaka ukatike, kwake uchafu ulikuwa sehemu ya sauti. Uchafu ni sehemu ya sauti! Mimi mtu wa sato nilikuwa natafuta nini kwingine muda wote huu? Nikajichanga miezi miwili nikaagiza seti kama yake, uzi wa E unene wake inchi 0.110, waya wa kufungia ng'ombe kabisa, vidole vililia wiki nzima. Sasa mwaka na nusu sijazibadilisha, na kila mwezi zinazidi kuwa tamu.

Mama yeye bado. Nikiinjika chochote uani lazima apite.

"Leo nini, baba?"

"Wali, mama."

Anafunua mfuniko, anachukua mwiko, anachota mpaka chini kabisa, anaangalia, anafunika.

"Haya. Pika."