Aliyemtuma Lydia Ndiye Aliyeua

Katika mabanda ya gemu ya Kondele, Jumamosi mchana, anayeshika pedi hachezi peke yake. Nyuma yake kuna benchi zima la makocha, na ushauri wao ni mmoja tu: "Mpige! Mbona unatoroka?" Mtu anayecheza Skyrim, gemu ya mapanga, uchawi na majoka, bila kumwaga damu ataonekana mwoga hapo. Kumbe kazi yake ni ngumu kuliko ya mpiga panga, na wengi wanaojigamba wameiweza wamechakachua kidogo.

Chakachua yenyewe huanzia kwa Lydia. Jarl Balgruuf, mtawala wa mji wa Whiterun, anakupa dada huyu awe mlinzi wako. Unatembea mikono mitupu, yeye anakata kila mbwamwitu na kila jambazi anayejitokeza, kisha unatangaza kwamba mhusika wako ni mtu wa amani. Huo ni uongo. Uchawi wa Fury nao ni vilevile: unawachochea majambazi wachinjane wenyewe kwa wenyewe huku wewe umesimama kando kama hujui kitu. Ukiniuliza, kifo ulichokipanga ni chako, awe nani aliyeshika chuma. Mwambie Lydia arudi zake Dragonsreach, ikulu ya Jarl.

Mwanzo wa gemu, pale Helgen, nausamehe. Hadvar au Ralof, wanaume wawili wanaokuongoza kutoroka, yeyote utakayemfuata, atapigana na askari wa upande wa pili hata ukijibanza ukutani. Hiyo ni vita yao na hukuwatuma. Dubu wa mwishoni mwa pango anapitika kwa kunyata.

Baada ya hapo silaha yako kuu ni mazingaombwe, tawi ambalo kwenye menyu limeandikwa Illusion. Uchawi wa kwanza wa kutafuta ni Calm, unaomtuliza adui kwa sekunde 30. Watu hukosea hapa: wanamtuliza jambazi, kisha wanabaki pale pale kupekua masanduku. Sekunde zikiisha na bado anakuona, ugomvi unaendelea ulipoachia. Sekunde 30 ni za kuondoka. Ukimgusa kwa pigo lolote pia utulivu umevunjika, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotembea na mlinzi: wewe unatuliza, yeye anachokoza.

Kosa kubwa zaidi halionekani mpaka umechelewa. Calm ikiwa tupu hufika kwa viumbe wa levo 9 tu, na Skyrim huongeza levo yako kwa ujuzi wowote unaoupandisha, hata kupika dawa, kufua chuma na kupiga bei sokoni. Mtu wa amani kwa kawaida ndiye mfanyabiashara hodari. Anachanganya ngano na maua ya Blue Mountain Flower, anauza dawa za kuponya, anatajirika, levo inapanda. Na majambazi wanapanda naye. Siku moja anakutana na Bandit Highwayman wa levo 14, anamrushia Calm, na shoka linakuja vilevile. Utajiri wake ndio uliomletea jambazi yule.

Kwa hiyo pandisha Illusion kabla ya biashara. Nunua Muffle, uchawi wa kuzima kishindo cha nyayo, kwa Drevis Neloren kwenye chuo cha uchawi cha Winterhold, uwe unaipiga tena na tena unapotembea. Haihitaji adui, na ujuzi unapanda haraka. Illusion ikifika 30 chukua kipaji cha Hypnotic Gaze, kinachoongeza levo 8 kwenye Calm. Ikifika 40 kuna Kindred Mage, levo 10 zaidi kwa watu. Jumla ni 27, na mkuu wa majambazi anaweza kufika 28! Nani alipanga hesabu hiyo sijui, ila dawa yake ni Pacify, uchawi wa kutuliza wenye nguvu zaidi, au kuipiga Calm kwa mikono miwili.

Pesa za vitabu zitoke wapi basi? Pasua kuni. Kila ukikaa kwenye gogo unapata vipande 6, na Hod wa kijiji cha Riverwood hununua kipande kwa sarafu 5, bila kukuongezea ujuzi wowote. Ndiyo, itabidi ubebe shoka. Wakulima wa Whiterun nao hununua mavuno yao wenyewe utakayowachumia.

Makaburi yaache. Maiti wale wanaoitwa draugr hawatulizwi mpaka upate Master of the Mind, Illusion ikiwa 90, na hapo umeshacheza wiki nyingi.

Joka hatulizwi kabisa. Mirmulnir, yule wa kwanza, unaweza kujificha mnarani huku Irileth, mlinzi wa Jarl, na askari wake wakimmaliza, lakini roho yake itakuingia wewe. Ni sheria ya hadithi, na hapo kila mtu aamue kama atasonga mbele au aishie Riverwood akipasua kuni. Anayesonga mbele atafika mahali Delphine, wa kundi la wawindaji majoka liitwalo Blades, anamtaka amuue Paarthurnax, joka mzee aliyeacha ukatili. Mkatalie. Gemu inaruhusu, utakachopoteza ni msaada wa Blades, na sioni hasara.

Tahadhari moja kwa wa Kisumu: kwenye kompyuta bonyeza F5 kila unapoingia pango, maana mvua ya jioni ikija na radi stima haiagi. Na kama mashine yako ni ile ya mtumba isiyobeba Skyrim, kuna Undertale ya 2015, ndogo na nyepesi, ambamo kila adui anaweza kuachiliwa. Ila ukifuata njia hiyo hupandi levo hata moja. Utaanza na HP (uhai) 20 na kumaliza na HP 20, kwa hiyo jifunze kukwepa mapema.