Ukali wa mafua ya ndege usipimwe kwa vifo vya kuku peke yake

Mafua ya ndege yakitangazwa popote duniani, swali la kwanza huwa lile lile: kuku wangapi wamekufa? Kwa mfugaji anayekaribia kupoteza kila alichonacho, swali hilo ni la haki kabisa. Kinachonisumbua ni kwamba mipango yetu ya kujikinga nayo imejengwa juu ya swali hilo hilo.

Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lina kipimo chake. Virusi vikidungwa kwenye mshipa wa kuku wa wiki 4 hadi 8 na kuua angalau asilimia 75 yao, vinaitwa vikali. Visivyofika hapo na visivyo na alama za ukali kwenye jeni zake vinaitwa hafifu. Kipimo hicho ni kizuri na kinasema kweli, ila ni kweli inayohusu kuku. Binadamu hayumo.

China ililijua hilo kwa machungu mwaka 2013. Virusi vya H7N9 vilipita kwenye masoko ya kuku hai bila kuku kuonyesha dalili yoyote ya maana. Waliokwenda kununua kuku hao ndio walioishia hospitalini na nimonia. Katika miaka michache iliyofuata watu zaidi ya 1,500 walithibitishwa kuambukizwa, na zaidi ya 600 wakafariki. Kwa kipimo cha kuku, wauaji hao walikuwa hafifu.

Jibu la fumbo hilo limo kwenye jeni. Virusi vya mafua aina A, kundi lenye mafua ya ndege, vina vipande 8 vya RNA, molekuli inayobeba jeni zake, na kinachomuua kuku si lazima kiwe ndicho kinachomuua mtu. Kwa kuku, jambo kubwa ni hemaglutinini, protini ya juu ya kirusi inayokiwezesha kuingia kwenye seli. Protini hii haifanyi kazi mpaka ikatwe mahali maalumu. Katika virusi hafifu, vimeng'enya vinavyoweza kuikata vinapatikana kwenye njia ya hewa na utumbo tu, kwa hiyo ugonjwa unabaki humo. Lakini hemaglutinini za aina ya H5 na H7 (herufi H katika majina kama H7N9 ni ya protini hii) zina tabia ya kujiongezea asidi amino kadhaa, yaani matofali yanayojenga protini, mahali hapo pa kukatwa, na zikishajiongezea, vimeng'enya vilivyomo karibu katika kila kiungo vinaweza kuikata. Kirusi kinafika kwenye moyo, ubongo, kila mahali, na banda zima linaweza kumalizika ndani ya siku chache.

Kwa binadamu, macho yaelekezwe pia kwenye mitambo ya kirusi ya kujinakili. Ndani ya seli za ndege, mitambo hiyo hutegemea protini iitwayo ANP32A. Sisi tunayo pia, ila yetu ni fupi kuliko ya ndege, na kirusi kilichozoea ndege hukwama. Badiliko moja la asidi amino, kwenye nafasi ya 627 ya PB2, protini iliyo sehemu ya mitambo hiyo, linaweza kukikwamua. Uholanzi mwaka 2003, H7N7 iliambukiza watu 89 waliothibitishwa, wengi wao wakiumwa macho tu. Mmoja alifariki, daktari wa mifugo, na kirusi kilichopatikana kwake kilikuwa na badiliko hilo.

Jeni hazisemi yote, nakubali. Njia ya maambukizi, wingi wa virusi na afya ya mtu vina nafasi yake. Hata hivyo, hakuna onyo jingine linaloweza kutufikia mapema kuliko jeni, kabla ya mgonjwa wa kwanza kulazwa.

Ndiyo maana napinga tabia ya kuandika "hafifu" kwenye ripoti kisha faili kufungwa. Mdharau mwiba mguu huota tende. Pennsylvania, Marekani, mwaka 1983, H5N2 iliingia mabandani mwezi Aprili ikiwa haina makali. Kufika Oktoba ilikuwa inafagia kuku, na ndege zaidi ya milioni 17 walipotea, wengi kwa kuchinjwa ili kuuzima ugonjwa. Watafiti walipochunguza walikuta mabadiliko madogo sana: molekuli ya sukari iliyokuwa imeziba ile sehemu ya kukatwa ilikuwa imeondoka. Miezi sita ya kuzunguka mabandani ilitosha.

Ninachotaka ni hiki. Virusi vya H5 na H7 vikipatikana, vikali au hafifu, visomwe vipande vyote 8, si hemaglutinini peke yake. Matokeo yatolewe haraka, yakiwa na tarehe na mahali. Aprili 2024, H5N1 ilipokuwa imeingia kwa ng'ombe wa maziwa, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa data za jeni zisizoonyesha sampuli zilichukuliwa lini na wapi hasa, na wanasayansi wa nje wakalalamika. Walikuwa na haki. Bila tarehe na mahali, huwezi kujua badiliko lilianza wapi wala linaelekea upande gani.

Na mfugaji anayetoa taarifa alipwe fidia hata kama kuku wake hawajafa. Yeye ndiye anayeshika ndege hao kila asubuhi, na akijua kwamba kusema ni kufilisika, hatasema, na hakutakuwa na sampuli ya kusoma.