Mzungu wa Steshenari

Mimi nina ugonjwa mmoja: sijui kudai. Mteja akisema "nakuja sasa hivi bosi, naenda tu kuchenji hii elfu kumi hapo nje", namjibu "haina shida", na hapo ndiyo tumeagana mpaka kiama. Daftari langu la madeni limejaa mpaka kwenye majalada. Steshenari yenyewe iko Chang'ombe, hapa Dodoma: chumba cha mlango mmoja, printa mbili, mashine ya leminesheni, pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti, na vumbi. Upepo wa mwezi wa nane ukishaanza, karatasi inaingia kwenye printa nyeupe, inatoka na rangi ya Dodoma.

Kwa hiyo siku nilipogundua kwamba kompyuta inaweza kuongea, nilisema Mungu amenikumbuka. Kumbe Windows ina sauti yake humo ndani ya kusomea watu maandishi. Unaandika mistari michache kwenye Notepad, unahifadhi faili kwa jina linaloishia na .vbs, basi, inasema ulichoandika. Nikaandika: "Mteja mpendwa, lipa kwanza ndipo uchapiwe." Irudie kila baada ya dakika kumi. Dakika kumi mle ndani unaandika 600000, maana yenyewe sekunde moja inaikata vipande elfu. Nikaona nimepata mtu wa kudai asiye na aibu, na hali chakula.

Shida ikawa lile dirisha. Kila nilipoiwasha, lilifunguka dirisha jeusi lenye maandishi meupe, likakaa pale katikati ya kioo kama mgambo. Mpwa wangu anayenisaidia dukani akiliona analifunga.

"Anko, nimekuta kirusi, nimekiua."

Kwa siku moja alikiua mara tatu. Dada mmoja aliyekuja kuprinti barua ya kazi alilitazama lile jeusi, akachomoa fleshi yake bila kuaga, akasema hawezi kudukuliwa kwa shilingi mia mbili.

Aliyeniokoa (au aliyenimaliza, utaamua mwenyewe) ni kijana wa chuo aliyekuja kubaindi ripoti yake ya fildi. Aliangalia kazi yangu, akacheka kidogo kwa heshima. "Bosi, badilisha herufi moja tu. Hapa umeweka cscript, weka wscript. Hiyo ya kwanza inafungua dirisha. Ya pili inapiga kazi chinichini, haionekani." Akanieleza kwamba muda wote kompyuta ina programu nyingi za namna hiyo: inayozuia virusi, inayopanga foleni ya printa, inayorekebisha saa. Ni kama harusi, watu wanawaona maharusi tu, wapishi wako uani na masufuria yao. Akanipangia pia isubiri kwanza dakika kumi ndipo iseme, isije ikambwatukia mteja ndiyo kwanza anavuka kizingiti. Nilifurahi mpaka ile kazi ya kubaindi nikamwambia "haina shida".

Jumamosi saa mbili asubuhi nikafungua duka, nikabofya faili mara mbili.

Kimya. Hakuna dirisha, hakuna kitu.

Nikabofya tena. Kimya. Sasa hapa ndipo elimu yangu iliponiishia, kwa sababu programu iliyofichwa vizuri na programu iliyokufa kwa macho zinafanana kabisa. Nilibofya kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa wake: taratibu kwanza, halafu kwa hasira. Nilihesabu mara kumi na moja, kisha nikakata tamaa, nikaagiza chai na chapati mbili. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba jana yake usiku mpwa wangu alizima sauti ya laptopu ili aangalie mpira nisijue. Kwa hiyo kuanzia saa mbili na dakika kumi, mle ndani watu kumi na mmoja walikuwa wanadai madeni kwa bidii zote, na hakuna aliyewasikia.

Saa nne wakaingia wafiwa. Mzee mmoja wa Kigogo, mrefu, koti zito na fimbo, nyuma yake mama wawili wamejifunga kanga na kijana mmoja amebeba bahasha.

"Mbukwenyi," mzee akasema.

Tukaitikia, nikaongeza na shikamoo, nikawapa pole ya msiba. Walitaka ratiba ya ibada ya mazishi, nakala mia moja, marehemu anazikwa kesho yake Hombolo. Kijana akatoa picha kwenye bahasha. Nikaipokea, moyo ukafanya paa. Nilimjua. Alikuwa fundi baiskeli wa mtaa wetu, mtu wa utani mwingi. Na picha nayo niliijua: pazia la bluu, na juu kidogo ya sikio la kushoto kichwa cha msumari ambao nimekuwa nikisema nitaung'oa toka mwaka juzi. Ilikuwa picha yangu. Pasipoti nne, elfu nne, alilipa elfu mbili.

Bila shaka sikusema kitu. Nani anadai maiti? Niliiskani ile picha, nikaikuza, nikaipanga juu ya jina lake, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, printa ikaanza. Mama mmoja akaanza kulia kimyakimya karatasi ya kwanza ilipotoka. Nikaona duka limekuwa zito, nikamnong'oneza mpwa wangu: "Weka wimbo wa maombolezo, taratibu." Akafungua sauti.

Hakuwahi hata kuuchagua wimbo.

"EMTEJA EMPENDWA," ikasema sauti ya mwanaume, nzito, Kiingereza kitupu puani. "LAIPA KWANZA ENDIPO YUCHAPIWE."

Printa ikaendelea kutoa karatasi. Hakuna aliyepumua.

"Nani huyo?" mzee akauliza.

Sijafungua mdomo, ikaanza tena. "EMTEJA EMPENDWA..."

Halafu tena. Na jambo ambalo mpaka leo linaniuma ni adabu yao. Laiti wangepiga kelele kwa pamoja, mtu angesema mashine imeharibika. Lakini Windows inazipanga hizo sauti foleni, moja haisemi mpaka mwenzake amalize. Kwa hiyo walipokezana kama wazee wa baraza: huyu akiketi, yule anasimama, wote kumi na mmoja na hoja ileile. Nikafunga kila dirisha nililoliona. Wapi, wao hawana dirisha. Nikachomoa waya wa spika, sauti ikahamia kwenye laptopu yenyewe, karibu kabisa na mzee. Mpwa wangu kwa kuchanganyikiwa akachomoa waya wa printa, nayo ikasimama karatasi ikiwa nusu: paji la uso na macho ya fundi yanachungulia nje yanatutazama, pua na mdomo vimebaki ndani.

Yule mama aliyekuwa analia akaacha kulia.

Ukipiga hesabu haikufika dakika moja. Mimi nilizeeka. Ya kumi na moja ilipomaliza, kikaja kimya ambacho ungesikia vumbi likitua. Mzee akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema polepole, "marehemu anadaiwa hapa?"

"Hapana mzee! Hapana kabisa! Hii ni programu tu, inajiendesha chinichini, ni..."

"Anadaiwa buku mbili, anko," mpwa wangu akasema. "Ipo kwenye daftari. Zile pasipoti."

Kuna watu Mungu aliwanyima kipaji cha kunyamaza. Tena akalifungua daftari, akaweka kidole pale pale, akamgeuzia mzee asome.

Mzee alisoma. Akatazama picha kwenye ratiba, akatazama pazia langu, akatazama msumari. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, ndani kabisa, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua kwa meno. Elfu mbili, noti moja imekunjwa mara nne.

"Mzee, tafadhali, mimi siwezi kupokea."

"Pokea. Hatuwezi kwenda kumzika mtu anadaiwa na Mzungu."

Nikapokea. Ungefanyaje?

Walipotoka kwenda kukaa kivulini kusubiri nakala zilizobaki, mpwa wangu akaniuliza kwa upole, "Anko, kwani kwa nini hukuzima tu sauti?" Sikumjibu. Nilizima sauti, nikampigia yule kijana wa chuo. Akaniambia nibonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, humo ndimo wanamoonekana wote wasioonekana. Nikateremka na orodha taratibu, nikawakuta wamejipanga, jina moja, Microsoft Windows Based Script Host, wamekula kumbukumbu ya kompyuta yangu toka asubuhi. Niliwaua mmoja mmoja huku nahesabu kwa sauti. Nilipofika wa saba kijana akasema kwenye simu kwamba kuna amri moja tu ya taskkill ambayo ingewafagia wote kwa mpigo. Nikamwambia aniache, hawa nataka niwaue kwa mkono.

"Si nilisema ni kirusi," mpwa wangu akasema.

Jumapili nilikwenda Hombolo. Jirani ni jirani, na isitoshe nilikuwa na aibu. Nilikaa nyuma kabisa chini ya mbuyu, nikajifunika uso na ratiba niliyoichapa mwenyewe. Ibada ikaisha, udongo ukawekwa, mashada yakawekwa. Mwenyekiti wa kamati akasimama, akasema kama kawaida: kama yupo yeyote anayemdai marehemu, aonane na familia.

Watu wakanyamaza. Yule mzee akainua fimbo.

"Mzungu wa steshenari tumeshamlipa," akasema. "Mwingine?"