Tone la sumu maabarani linatosha kuchagua mgomba?

Ukitaja sumukuvu Uganda, watu huwaza karanga na mahindi yaliyooza ghalani. Lakini kuna kuvu ambao sumu yao huua jani, haimgusi mlaji. Ingia kwenye migomba ya matoke Luweero wakati wa mvua, geuza jani la chini. Utaona vistari vya rangi ya kutu, vyembamba kama vilivyochorwa kwa kalamu. Baadaye huwa vyeusi, huungana, kisha katikati hukauka na kuwa kijivu. Hiyo ndiyo Sigatoka nyeusi. Majani yakiisha mapema, mkungu hukosa chakula na ndizi hubaki nyembamba.

Kuvu huyo hutoa kemikali kadhaa, mojawapo jugloni, inayoharibu kloroplasti, yaani sehemu za kijani za seli zinazotengeneza chakula cha mmea. Ndipo likaja wazo la kupima miche maabarani: jani lidondoshewe sumu, na mche usioungua ndio uzalishwe. Naielewa hamu hiyo. Mgomba huchukua mwaka au zaidi kuzaa, na shamba la majaribio linakula ardhi na fedha. Tena kwa mahindi kipimo hicho kina mantiki. Mwaka 1970 nchini Marekani, kuvu wa baka la majani alitoa sumu iliyolenga mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, za mahindi yaitwayo ya sitoplazimu ya Texas, aina iliyokuwa imetawala mashamba. Takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima ikapotea. Pale sumu yenyewe ndiyo iliyoamua mmea upi uugue.

Kwa mgomba mambo ni tofauti. Kuvu wa Sigatoka hupenya kwenye vitundu vya jani na kuishi kwanza katikati ya seli bila kuziua. Sumu huonekana kufanya kazi zaidi ugonjwa ukishakomaa. Kwa hiyo mche wenye kinga ya mwanzo, ambao shambani usingefikia hatua hiyo, unaweza kuungua maabarani nasi tukautupa. Hilo linaniuma kuliko gharama yoyote, maana mbegu za matoke ni adimu mno, na kila mche chotara umepatikana kwa jasho.

Kiwangaazi, mgomba chotara uliotolewa na NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, mwaka 2010, ulithibitishwa shambani, na ladha yake ikapimwa na walaji. Kipimo cha sumu kitumike kuchunguza kinga, ila kisiwe sababu pekee ya kuutupa mche. Na majaribio yawekwe kwenye joto, kama Luweero. Kwenye baridi ya Kabale ugonjwa hupungua makali, hata mgomba dhaifu huonekana imara.