Pweza, Chewa, Zafarani na gesti ya mjomba

Hivi mshawahi kujiuliza kwanini visima vya gesi vya huku baharini kusini vina majina kama menyu ya hoteli? Walioanza kuchimba 2010 kisima chao wakakiita Pweza, wakaja Chewa, Chaza na Jodari, afu Statoil, kampuni ya mafuta ya Norway (sasaivi wanaitwa Equinor), na wenzao ExxonMobil wa Marekani wakapata Zafarani 2012, ikafuata Lavani na Tangawizi. Samaki wapo, viungo vipo, bado moto tu. Ndo utani wetu hapa Lindi na kadri miaka inavyoenda hauchekeshi tena.

Mjomba wangu 2014 alisikia kiwanda cha kusindika gesi kinakuja Likong'o, hapa hapa Lindi, akauza shamba la mikorosho akaanza gesti ya vyumba 12, hesabu yake ni kwamba wazungu wakija lazima walale mahali. Ukuta ukaishia kwenye linta. Leo nondo ukizishika zinakuachia unga mwekundu mkononi, na pale palipokuwa pawe mapokezi kuna mbuzi watatu na mpapai umeota wenyewe. Na hayuko peke yake, mapagale ya namna hiyo yapo kibao.

Sasa mimi sisemi serikali ikimbilie kusaini mkataba wa kiwanda hicho, hapana. Gesi yenyewe iko chini ya bahari ambayo pale Zafarani kina cha maji kinapita mita 2,500, uitoe huko uilete nchi kavu uipoze mpaka nyuzi hasi 162 iwe kimiminika ndo uipakie melini, na mradi wote unatajwa kugharimu dola bilioni 42, hapo ukikosea kifungu kimoja cha mkataba wajukuu ndo watalipa. Wakae mezani hata miaka kumi. Kampuni nazo zinajua, Equinor mwaka 2021 walifuta kwenye vitabu vyao thamani ya mradi huu dola milioni 982, yani wenye mitaji wenyewe hawaihesabu kama hela mpaka iwe hela, wakati mjomba keshauza mikorosho!

Ninachogomba ni zile tarehe. Juni 2022 serikali na kampuni zikasaini makubaliano ya awali ya mradi pale Ikulu ya Chamwino, Dodoma, madalali wa viwanja mtaani kwetu wakaamka. Mei 2023 ikatangazwa mazungumzo yamekamilika, wakaamka tena. Jamani Songosongo hapo Kilwa gesi ilipatikana 1974, umeme wake ukaja 2004, miaka 30, na viongozi wanaijua hiyo historia kuliko sisi. Kuna ugumu gani mtu akisimama kwenye mkutano akasema hii kitu inaweza ikachukua muda kama ule, palilieni mikorosho yenu?

Juzi mjomba kanipigia usiku, nikajua ni hela ya dawa. Kumbe kasikia redioni mradi umetajwa tena, anauliza bati za geji 28 siku hizi zimefika shilingi ngapi.