Acheni wimbo uishe

Nimekaa na hili jambo tangu Jumamosi, nimelala nalo nimeamka nalo, acha tu niliandike.

Tulikuwa kwenye harusi hapa Tabora, ukumbi sitautaja na DJ sitamtaja, kwa sababu alichofanya yeye wanafanya karibu wote niliowasikia mjini hapa. Saa nne usiku, watu wameshakula, keki imeshalishwa, zawadi zimeshatolewa, MC akasema sasa wazee wetu nao wapewe nafasi, DJ akaweka Dada Asha. Tabora Jazz. Watu wa hapa mnajua ule wimbo ukianza meza za wazee zinakuwaje, nusu yao walishasimama kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo.

Mjomba wangu alikuwa kakaa pembeni yangu. Ana miaka sabini na kitu, goti la kulia linamsumbua tangu mwaka juzi, anatembelea fimbo. Akavua koti, akalikunja vizuri akanipa nimshikie, fimbo akaiegemeza kwenye kiti, afu akaenda, taratibu, anachagua pa kukanyaga kama mtu anayevuka mto. Akamshika mkono bibi mmoja wa upande wa bwana harusi wakaanza. Mashairi yote yale mjomba hakunyanyua mguu, ni mabega tu na shingo kidogo, macho kayafumba. Mi namjua, nimemwona akicheza tangu niko mtoto, pale alikuwa hajaanza. Alikuwa anasubiri waimbaji wanyamaze magitaa yabaki yenyewe.

Hayakubaki. DJ akaukata palepale, ikaingia amapiano, vijana wakamiminika kutoka kila kona. Mjomba akabaki kasimama katikati, mkono wa yule bibi bado kaushika, watu wanampita kulia na kushoto, kama sekunde kumi hivi. Afu akamrudisha bibi wa watu kwenye kiti chake, akaja kwetu anachechemea, akachukua koti akavaa, akafunga vifungo vyote vitatu. Akaniambia, "Mjomba, wameukata."

Hakusema lingine mpaka tunaondoka.

Sasa jamani. Wimbo wa dansi haujaundwa hivo. Mashairi ni kupiga hodi tu, sebene, pale magitaa yanapobaki yenyewe, ndo kukaribishwa ndani. Mwimbaji anakueleza shida yake, anakuonya, anamlilia mtu, waitikiaji wanamjibu, tarumbeta na saksafoni zinapita, afu maneno yanaisha na hapo ndo bendi yenyewe inaanza kuongea, mpiga gitaa la solo anatoka na kitu chake, wa ridhim anamfuata, besi inatembea chini yao, tumba zinabadilika, na mtu aliyesikiliza kwa utulivu dakika tatu nzima sasa anapewa haki yake. Ukikata kabla ya hapo umemsimamisha mtu mlangoni umemuuliza habari za nyumbani afu umefunga mlango. Na usiniambie ni sehemu ya kujirudia tu haina maneno. Haina maneno kwa sababu haiyahitaji!

Zile santuri ndogo za zamani zenyewe zilikuwa zinakufundisha. Wimbo mmoja unagawanywa pande mbili, sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule, na mara nyingi ule upande wa pili ndo uliobeba magitaa. Mjomba aliwahi kunisimulia kwamba enzi zao kwenye sherehe za nyumbani kulikuwa na mtu kazi yake ni moja, kukaa karibu na mashine ya santuri na kugeuza, na awe mwepesi, kwa sababu upande wa kwanza ukiisha wachezaji hawaendi kukaa. Wanasubiri palepale wamesimama, wameshikana mikono.

Nimezikumbuka zile sekunde kumi za Jumamosi, nikaelewa alikuwa anasubiri nini.

Nakubali, DJ ana kazi yake. Ukumbi unalipiwa kwa muda, vijana wakikaa chini sherehe inapoa na lawama zinamwangukia yeye, na waliomlipa wengi wao ni sisi wa umri wa kati ambao tunataka kila kitu kidogo kidogo. Hayo nakubali. Ila kama una dakika chache za kuwapa wazee, chagua wimbo mmoja uwape wote mpaka mwisho. Usiwape nyimbo tano vichwa vitupu. Na MC naye wakati wa sebene anyamaze.

Kuna kitu kingine kinaniuma zaidi kuhusu hizi bendi za kwetu. Fikiria walivyorekodi. Kwa miaka mingi sehemu ya maana ya kurekodi nchi hii ilikuwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ya Tabora inafanya safari ya reli ya kati zaidi ya kilomita 800 na magitaa na tumba zao, wanaingia studio wanapiga wote kwa pamoja, mwimbaji, solo, besi, wapuliza saksafoni, akiteleza mmoja dakika ya tano mnarudi mwanzo wote. Hakuna kukata na kuunganisha kama saizi. Kwahiyo ile sebene unayoisikia kwenye Dada Asha au kwenye Rangi ya Chungwa ya Nyanyembe Jazz ni watu wazima wamesimama chumba kimoja wanaangaliana machoni wanavushana mpaka mwisho. Wakamaliza. Wakarudi na treni. Afu miaka zaidi ya arobaini baadaye mtu ana kidole tu juu ya laptop anaona huku mwisho hakuna kitu.

Na ilikuwa kila bendi na mtindo wake, Tabora Jazz wana Segere Matata, Western Jazz wana Saboso, Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano wana Masika, na huo mtindo ulikuwa unauona kwenye magitaa na uchezaji. Nipigie mashairi peke yake ya bendi tatu usinitajie majina, naweza kukosea. Nipigie sebene, sikosei. Kukata sebene ni kufuta sahihi ya mtu.

Neno "zilipendwa" nalo limechoka. Zinapendwa.

Mi mwenyewe sikukulia kwenye santuri, nimekulia kwenye kanda. Na albamu iliyonilea ni Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay, 2001, nilikuwa sekondari, kanda ilikuwa ya kaka yangu na mi nikiruhusiwa kuishika akiwa hayupo, ambayo ni sawa na kusema sikuruhusiwa. Redio yetu ilikuwa ya betri nne kubwa. Kila mtu wa umri wangu anajua, kupeleka kanda mbele kunamaliza betri haraka kuliko kusikiliza, na betri zikichoka ni kuzianika juani afu unaomba Mungu. Unataka Ndio Mzee? Sikiliza za kabla yake kwanza. Au chukua kalamu ya Bic uzungushe kwa mkono na ukadirie. Tulisikiliza zote kwa sababu ya umaskini wa betri na namshukuru Mungu kwa umaskini ule, kwa sababu ile albamu nyimbo nilizokuja kuzipenda mpaka leo si zile zilizokuwa zinapigwa redioni, ni zile za katikati ambazo hakuna aliyeziomba kwenye salamu. Zilikuwa zinaniingia polepole, mara ya kumi na tano, ya ishirini. Siku ile kanda ililiwa na redio, upande B, nilikaa chini nikaichomoa utepe sentimita kwa sentimita na kucha, mikono inatetemeka, na pakabaki pale sehemu moja sauti inazama kama mtu kaingia majini afu inaibuka. Mpaka leo nikisikia ule wimbo kwenye simu, ambako ni msafi, nausubiri uzame.

Remmy Ongala nilimpata baadaye sana, nikiwa nafanya kazi. Songs for the Poor Man, ile ya 1989 waliyotoa na Super Matimila kwa Real World kule Uingereza. Jamaa mmoja alinitilia kwenye flashi akaniambia sikiliza Sauti ya Mnyonge. Nilianza hapo, nikarudi mwanzo nikasikiliza yote usiku ule, umeme ukakatika nikamalizia na chaji iliyobaki kwenye simu. Mtu kazaliwa Kindu, Kongo, 1947, kaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, akaimba Kiswahili mpaka mnyonge wa nchi hii akaona huyu ananisemea mimi, na magitaa ya Matimila hayana haraka hata kidogo, yanakusubiri. Alipofariki Desemba 2010 nilikuwa stendi nasubiri basi, dereva mmoja akafungua milango yote ya gari akaweka Kipenda Roho akaacha mpaka ikaisha ndo akaita abiria. Hakuna aliyemlalamikia. Na ni watu wenye safari wale!

Kwahiyo inawezekana.

Wadau wa Kigoma najua mshaanza kukasirika kwamba nimeongea Tabora Tabora na aliyeitunga Dada Asha ni wa kwenu. Ni kweli, marehemu Shem Karenga alikuwa mzaliwa wa Kigoma na alianzia Lake Tanganyika Jazz kabla hajaja huku kwetu, tulimpokea tu, na alipofariki Desemba 2014 tulilia wote kuanzia stesheni yenu mpaka yetu. Na kwa vijana pia mko mbele, Leka Dutigite ya Kigoma All Stars mwaka 2012 ilinifanya nione wivu wa kweli, na Cinderella ya Alikiba ile ya 2007 ndo albamu ya mwisho kuinunua kwa hela yangu, dukani, ikiwa na kava. Niseme ukweli hata Only One King yake ya 2021 niliisikiliza yote bila kuruka nikiwa na shingo ngumu natafuta pa kukosoa, nikafika Utu nikaacha kutafuta. Wapo bado wanaotengeneza albamu ya kukaa nayo. Sisi ndo hatukai. Wimbo una dakika tatu tunausikia sekunde thelathini kwenye video ya mtu anacheza jikoni, afu tunasema nimeusikia.

Jumapili jioni nilienda kwa mjomba, Isevya. Nilibeba kispika changu cha bluetooth na simu imejaa chaji. Shikamoo mjomba, marahaba, akaniuliza za harusi kana kwamba hakuwepo. Sikumwambia nimefuata nini, nikaweka tu Dada Asha juu ya meza pale uani chini ya mwembe, nikakaa.

Mashairi yakapita. Alikuwa anamenya karanga kwenye ungo, akaendelea kumenya. Magitaa yalipoanza mkono ukasimama. Akaweka ungo chini, na kile kidole cha shahada kikaanza kupiga kwenye mkono wa kiti, kikifuata solo, si besi, si tumba, solo yenyewe nota kwa nota, hajawahi kushika gitaa maishani mwake huyu mtu, alikuwa gengeni reli anatengeneza njia. Hakukosea hata mahali pamoja. Ulipoisha wenyewe, ile kuisha kabisa mpaka ukimya, akasema, "Haya. Sasa umeisha."

Tukasikiliza mbili tatu nyingine. Afu akaniuliza kama nina wimbo mmoja wa Lake Tanganyika Jazz. Alikuwa kijana, wamelazwa kambi ya reli karibu na Kigoma, Jumamosi wanateremka mjini, bendi inapiga, na kuna wimbo ulikuwa ukipigwa wote wanaacha bia mezani. Nikamuuliza unaitwaje. Hakumbuki. Nani aliimba? Hakumbuki. Unasemaje, hata mstari mmoja? Akafikiri sana, akatikisa kichwa.

Afu akaanza kuuimba. Bila neno lolote, kwa pua na meno, ti-ri-ri, ti-ri-ri-ri, inapanda, inageuka, inarudi chini, inajirudia na kubadilika kidogo kila inaporudi. Ilikuwa sebene. Ameibeba yote, zaidi ya miaka arobaini na tano.

Nimemrekodi. Ni dakika moja na sekunde arobaini na mbili, mwishoni kuku anaingilia lakini inasikika vizuri. Kama uko Kigoma, Ujiji, Mwanga, Bangwe, popote kule, na una mzee nyumbani aliyekuwa anaenda dansi miaka ile, niandikie hapo chini nikutumie. Mwekee asikilize. Tafadhali umwekee mpaka mwisho, kwa sababu pale anapogeuka ni karibu na mwisho.